Muigizaji aliyekataa kinyago: kisa cha Arlecchino wa Milano

Kuna jamaa alikuwa anaitwa Marcello Moretti, mzaliwa wa Venezia, mwaka 1947 akapewa aigize Arlecchino kwenye ukumbi mpya kabisa wa maigizo mjini Milano, Italia. Arlecchino unamjua hata kama jina hulijui, ni yule mtumishi mwenye nguo za viraka vya rangi rangi na kinyago cheusi nusu uso, mwenye njaa saa zote, mjinga na mjanja kwa wakati mmoja. Ni mhusika ambaye watu wamemtambua kwa kinyago chake kwa karne kadhaa. Sasa Moretti kafika mazoezini, kakipima kinyago, kakataa. Akachukua rangi nyeusi akajipaka usoni, yani akakichora kile kinyago kwenye ngozi yake mwenyewe, na akapanda jukwaani hivyo hivyo.

Kisa hiki watu wengi wanakisimulia juu juu, kama kichekesho cha pembeni, muigizaji mbishi baadae akalainika na maisha yakaendelea. Mi nimekaa nacho muda mrefu maana mambo ya kinyago yananigusa, na kila nikikirudia naona Moretti kaonewa. Jamaa alikuwa sahihi kukataa. Na kama angevaa tu ili asimuudhi mwongozaji, sidhani kama kuna mtu angehangaika kutafuta kinyago cha kweli kwa bidii ile iliyokuja kutokea baadae.

Kabla sijaendelea, neno lenyewe. Natumia kinyago kwa makusudi. Barakoa tangu Corona imeshakuwa mali ya hospitali na daladala, ukimwambia mtu barakoa anawaza kile kitambaa cha bluu. Ila shikilia hiyo kumbukumbu ya Corona kidogo, ile pumzi inarudi usoni, miwani inajaa ukungu, masikio yanauma kwa ile lastiki, tutaihitaji mbele huko.

Haya, turudi Milano. Vita imeisha miaka miwili tu nyuma, mji umepigwa mabomu. Vijana wawili, Giorgio Strehler, ambae ndo mwongozaji wa huu mchezo, na Paolo Grassi, pamoja na Nina Vinchi aliyekuwa anabeba shughuli nzima ya uendeshaji, wanapata jengo mtaa wa via Rovello. Hilo jengo lina historia mbaya, wakati wa vita lilikuwa kambi ya kikosi cha wafashisti kinaitwa Muti, watu waliteswa mle ndani. Wao wakaligeuza ukumbi wa maigizo wa umma, Piccolo Teatro, ukafunguliwa tarehe 14 Mei 1947 kwa mchezo wa Mrusi Gorky kuhusu watu waliokwama chini kabisa ya maisha. Mchezo wa kufungia msimu ule wa kwanza, tarehe 24 Julai, ukawa wa Goldoni, mwandishi wa Venezia wa karne ya 18, unaitwa Mtumishi wa mabwana wawili. Strehler ndo akaongeza jina la Arlecchino mbele, kwa Goldoni yule mtumishi anaitwa Truffaldino. Na huyo Strehler alikuwa hajafikisha hata miaka 26, kumbuka hilo ukiwa unamlaumu au unamsifia.

Stori ya mchezo kwa kifupi: msichana Beatrice kavaa nguo za kiume anajifanya kaka yake aliyeuawa, kaja Venezia kumtafuta mpenzi wake Florindo, ambae ndo huyo huyo aliyemuua kaka mtu kwenye pambano la upanga. Arlecchino anaajiriwa na Beatrice, halafu kwa tamaa ya mshahara wa pili na sahani ya pili anaajiriwa na Florindo pia, kwenye nyumba ya wageni hiyo hiyo, na hakuna bwana anayejua habari za mwenzie. Basi hapo vurugu zote unaziona zinakuja. Barua zinachanganywa, masanduku yanachanganywa, chakula cha mchana kinahudumiwa vyumba viwili kwa pamoja na mtu mmoja anayekufa njaa.

Tatizo lilikuwa hili. Goldoni aliandika ule mchezo mwaka 1745 kwa ajili ya muigizaji Antonio Sacchi, na mwanzoni sehemu kubwa ilikuwa ni mifupa tu, muhtasari wa matukio, nyama waliweka waigizaji wenyewe papo kwa papo. Walikuwa wanajua wanafanya nini. Ile aina ya maigizo ya vinyago ya Italia ilikuwa kazi ya kurithishana, watu wake walikuwa na fani kama fundi seremala ana fani, ndo maana ikaja kuitwa commedia dell'arte, arte hapo kwa maana ya ufundi, kazi ya watu wa kazi. Kuna mkataba wa Padova wa tarehe 25 Februari 1545, wanaume wanane wameenda kwa mthibitishaji wa hati kuandikishiana kampuni ya maigizo, na wameandikiana nani kiongozi, hela inagawanywa vipi, mwenzetu akiugua tunafanyaje. Miaka 200 kamili kabla ya Goldoni hajakaa kuandika huu mchezo. Lakini ikifika 1947 wale watu wameshakufa kitambo na hawakuacha wanafunzi. Maandishi yapo, michoro ipo, vinyago vichache vya zamani vipo makumbusho, ila mtu wa kukuambia kinatengenezwa vipi, kinavaliwa vipi, ukiwa umevaa unageukaje, huyo hayupo. Strehler na wenzake walikuwa kama mtu kapewa sufuria la pilau la bibi yake bila bibi.

Kwahiyo wakatengeneza wenyewe. Kwenye ule mchezo wenye vinyago ni wanne, Arlecchino, Pantalone ambae ni mzee bahili, Dottore msomi wa maneno mengi, na Brighella mwenye nyumba ya wageni. Wapenzi na wanawake uso mtupu. Vinyago vya kwanza vikawa vya karatasi ngumu na kitambaa cha bandeji, tabaka juu ya tabaka na gundi, kazi ya mikono ya waigizaji wenyewe. Na hapa ndo namuomba msomaji asipite haraka maana kesi nzima iko hapa.

Strehler mwenyewe alikuja kuelezea ile adha baadae. Karatasi ikikauka inakuwa ngumu, kila sehemu yenye mkunjo au kona inachimba nyama ya uso. Haipumui, jasho linabaki ndani. Matundu ya macho hayakukaa sawa na macho ya mtu, na kingo zake zinagusana na kope, kila ukipepesa kope inakwaruza, macho yanatoa machozi muda wote. Yani hebu fikiria, unachekesha watu ukumbi mzima na ndani ya kinyago unalia, na huo sio ushairi, ni kope. Wakaanza kubandika vipande vya sponji ndani pale panapouma, wakafunga lastiki na kamba kichwani kama wagonjwa. Halafu jasho likizidi, ile gundi inaanza kulainika, kinyago kinabadilika umbo ukiwa nacho usoni. Sasa rudi kwenye ile barakoa yako ya daladala, zidisha mara 10, halafu ongeza kuruka sarakasi.

Maana Arlecchino anaruka. Pantalone anaweza kutembea taratibu, ni mzee, Dottore tumbo limemtangulia. Arlecchino hana ruhusa ya kutulia. Anapinduka, anabeba masanduku, anapita na masahani mkononi huku anakimbia. Kinyago kinachomsumbua Pantalone kidogo, kwa Arlecchino ni hatari, haoni anapokanyaga. Na hii ni hesabu rahisi tu ambayo nashangaa haitajwi, kati ya wale wanne aliyekataa ndo yule mwenye kazi nzito kuliko wote. Wengine walivumilia sababu waliweza kuvumilia.

Strehler aliisoma tofauti. Yeye aliona ile rangi nyeusi ni njia rahisi ndio, lakini pia aliona kuna kitu ndani ya Moretti kinagoma bila yeye mwenyewe kujua, hofu ya muigizaji wa kisasa kufunikwa uso. Muigizaji kazoea miaka yote kwamba uso ndo ofisi yake, nyusi, mashavu, macho, leo unamwambia funga ofisi. Na siwezi kusema Strehler kakosea hapo, hiyo hofu ipo, na ukiwahi kumvalisha mtu kinyago mara ya kwanza utaiona, anaanza kupiga kelele na kutupa mikono kila upande kana kwamba watu hawamuoni. Ninachokataa ni mpangilio. Kumwambia mtu ana woga wa rohoni wakati kope zake zinakwaruzwa na karatasi, hapana. Toa kwanza karatasi, kisha tuone kama woga utabaki.

Na hicho ndo kilichotokea, tena kwa bahati.

Nifungue dirisha dogo hapa kuhusu ile rangi nyeusi maana najua kuna mtu tayari kakunja uso. Mzungu kajipaka weusi jukwaani, leo hii watu wangesimama na kuondoka, na wangekuwa na sababu zao. Weusi wa Arlecchino asili yake watu wanabishana, wengine wanaupeleka kwa Hellequin, shetani wa hadithi za zamani za Ufaransa aliyekuwa anaongoza kundi la mizimu usiku, wengine wanasema ni masizi, wengine wanaona kabisa kuna sura ya mtumwa wa Kiafrika kwenye zile picha za zamani. Moretti alikuwa anachora kinyago, sioni kama alikuwa anaiga mtu mweusi. Ila hilo nalo ni sababu nyingine kwanini kinyago cha ngozi kilichokuja baadae ni bora kuliko rangi: kitu kikiwa kimevaliwa kila mtu anaona ni kitu, kikipakwa kwenye ngozi ya mtu kinaanza kusema mengine. Nimefunga dirisha.

Padova sasa. Sio mbali na Venezia, mji wa chuo kikuu. Pale kulikuwa na mchongaji anaitwa Amleto Sartori, amezaliwa 1915, mwalimu wa uchongaji kwenye shule ya sanaa. Na mwongozaji Gianfranco De Bosio alikuwa na kikundi cha maigizo cha chuo kikuu, mwaka 1948 akamleta Mfaransa kijana, Jacques Lecoq, ambae alitokea kwenye michezo na mazoezi ya viungo kabla ya kuingia kwenye maigizo. Lecoq alikuwa anafundisha waigizaji kwa kutumia vinyago na walikuwa wanavitengeneza wenyewe kwa karatasi, vibaya vibaya tu. Sartori akawaangalia. Sasa mchongaji akiona mtu anaharibu uso hawezi kunyamaza. Akasema kwa kifupi niachieni mimi hiyo kazi. Mwanzo naye akatumia karatasi, ila hakuridhika, akaanza kufukua jinsi wazee wa karne ya 16 na 17 walivyokuwa wanafanya, kwa ngozi ya mnyama.

Hakukuwa na kitabu cha maelekezo. Akaviangalia vinyago vilivyobaki makumbusho, akajaribu, akakosea, akajaribu tena. Alichofikia ni hivi, na naomba nikieleze vizuri maana ni kazi ya kiume kwelikweli (na ya kike, wapo mafundi wanawake wazuri sana leo). Unaanza kwa kuchonga uso kwenye gogo, mbao laini isiyopasuka ovyo, na unachonga kila mkunjo, nyusi, shavu, ile nundu ya paji la Arlecchino. Hiyo ndo kalibu. Halafu unachukua ngozi iliyotiwa dawa ya magome, unailoweka mpaka ilegee, unaitandaza juu ya kalibu na kuivuta, unaibana kwa misumari midogo pembeni. Kisha unaanza kuigonga. Kwa nyundo ndogo ya pembe au mbao, maelfu ya mapigo madogo madogo, unaisukuma ngozi iingie kwenye kila bonde la ile mbao. Nyundo ya chuma kavu ingeijeruhi na kuitia madoa. Ikikauka inabaki na umbo. Unaitoa, unakata macho, unakunja kingo kwa ndani zisikate mtu, unatia rangi, unapaka nta. Mwisho wake una kitu chepesi, kigumu kiasi lakini bado ni ngozi, kinakunywa jasho na kinapumua, na kadri mtu anavyokivaa ndo kinazidi kuuzoea uso wake. Kama kiatu kizuri. Karatasi ikilowa inakufa, ngozi ikilowa na uso nao umelowa vinaelewana.

Ukiniuliza hiki kisa kinamhusu nani hasa, mi nakuambia ni Sartori. Hotuba zote za Strehler kuhusu fumbo la kinyago, na alikuwa na maneno matamu kweli, zisingemvalisha Moretti kitu. Kilichomvalisha ni mtu aliyekaa na gogo na patasi akauliza, macho yako yako wapi?

Lecoq akahamia Milano mwaka 1951 kusaidia kuanzisha shule ya Piccolo, na ndo akawaunganisha Strehler na Grassi na yule mchongaji wa Padova. Hapo vinyago vya ngozi vikaingia kwenye mchezo, mwanzoni mwa miaka ya 50. Na Moretti akaingia kwenye karakana. Napenda sana hii sehemu. Mbishi wetu sasa yuko kwa fundi, wanahangaika pamoja, wanajaribu sura hii na ile, mpaka wakaanza kuzipa majina: Arlecchino wa aina ya paka, Arlecchino wa aina ya mbweha, Arlecchino wa aina ya fahali. Moretti aliyafurahia hayo majina kama mtoto. Mwishoni akaangukia kwa paka. Unaona tofauti hapo? Miaka michache nyuma alipewa kitu tayari akaambiwa vaa. Sasa anashiriki kukitengeneza.

Na alipokivaa, mambo ambayo hakuna aliyeyajua yakaanza kujitokeza yenyewe.

Kwanza mdomo. Kinyago kinaishia juu ya midomo, kwahiyo mdomo na kidevu viko wazi. Moretti akagundua kwamba mdomo chini ya kinyago una nguvu kuliko mdomo kwenye uso mtupu, akauzungushia mstari mweupe, basi ukitabasamu ukumbi wa nyuma kabisa wanaona. Alidhani anapoteza uso, kumbe kapewa mdomo mara 3.

Pili macho. Matundu ya kinyago cha Arlecchino ni madogo ya mviringo. Kupitia pale huwezi kuangalia kwa kona ya jicho, ukitaka kuona kitu unageuza kichwa kizima, na kichwa kikigeuka shingo inafuata, bega linafuata. Ghafla unaona mnyama. Ule mgeuko wa paka anayesikia panya, ambao vitabuni unaelezwa kama mtindo wa Arlecchino, sehemu kubwa unatokana na upana wa tundu. Mi naona hilo ndo jambo tamu kuliko yote kwenye hiki kisa, kwamba mtindo ulikuwa umehifadhiwa ndani ya kifaa, mtu akikitengeneza kifaa sawasawa mtindo unarudi wenyewe, hata kama mabibi na mababu waliokuwa wanaujua wamekufa karne na nusu zilizopita.

Tatu, na hili Strehler ndo alilieleza vizuri, kinyago hakishikwi. Ukiwa umekivaa ukapeleka mkono usoni, labda unajifanya unalia, unafuta jasho, unakuna pua, kile kiumbe kinakufa palepale. Watazamaji wanaona mkono wa nyama unagusa kitu cha ngozi, uongo unaonekana. Kwahiyo unalazimika kulia kwa mgongo, kufikiri kwa magoti, mkono unaishia karibu na uso hauufikii. Hakuna aliyewaambia hilo, wamelijua kwa kukosea mbele ya mwenzao.

Nenda kaangalie rekodi za ule mchezo, zipo, hata kama Kiitaliano hujui. Kuna pale kwenye barua. Florindo kafungua barua ya Beatrice, sasa Arlecchino anataka kuifunga tena, anatafuna kipande cha mkate apate ulimbo, si ana njaa, mkate unashuka tumboni. Anachukua kingine. Unashuka. Hiyo ni ya Goldoni, ipo kwenye maandishi. Uso hauoni ukibadilika, hauwezi kubadilika, ila koo, unaona koo linavyomsaliti mtu. Halafu kuna ile ya nzi, ambayo ni ya jukwaa la Strehler, anamfukuzia nzi, anamnyata, anamkamata, anamchunguza, na anamla. Mimi nilivyoiona mara ya kwanza nilikuwa na shemeji yangu sebuleni, mtu wa kucheka kwa shida kweli, akaniuliza "huyo nzi yuko wapi?" na akasogea karibu na skrini. Hakuna nzi. Na hakuna macho ya kumfuata nzi, yamefichwa. Ni kichwa tu kinachora njia hewani.

Na sehemu ya kuhudumia chakula, sahani zinapita, ile budini inatetemeka kwenye sahani na yeye mwili mzima unatetemeka nayo, hapo sisemi kitu, angalia mwenyewe.

Mchezo ukaenda mbali. Mwaka 1956 ukapelekwa tamasha la Edinburgh ukiwa umetengenezwa upya, ukazunguka nchi kibao, na ikawa popote wanapofika watu wanacheka bila kujua lugha. Moretti akawa Arlecchino wa dunia. Yule aliyekataa. Na hapa kisa kinageuka kidogo, maana faida ya kinyago ina bei na aliyeilipa ni yeye. Jina la Arlecchino lilijaa kila mahali, uso wa Moretti hakuna aliyeujua. Miaka 13 kwenye uhusika mmoja, na kimwili ni uhusika unaokula mtu, anatoka jukwaani kalowa kama katolewa mtoni. Alifariki Januari 1961, akiwa na miaka 50. Sitaki kuunganisha vitu visivyounganika, watu wanakufa kwa sababu zao. Ila ile hofu yake ya 1947 ya kufunikwa, ukiitazama kutokea mwisho wake, haikuwa ya kijinga hata kidogo.

Mrithi alikuwa ameshaonekana. Ferruccio Soleri, kijana wa Firenze, kasoma chuo cha maigizo cha Roma, mwepesi kama mwanasarakasi. Mwaka 1960 kwenye ziara ya Marekani alimshikia Moretti nafasi New York, na kuanzia 1963 ikawa yake moja kwa moja. Yeye hakuwa na kesi ya karatasi. Alikuta ngozi, alikuta sheria ya kutogusa, alikuta paka. Na toleo lile la 1963 Strehler akafanya kitu cha akili, akaweka jukwaa dogo la mbao juu ya jukwaa, waigizaji wakishuka pembeni bado unawaona, wanavua vinyago, wanapumua, wanakunywa maji, kisha wanavaa na kupanda. Yani ile shida yote ya nyuma ya pazia ya 1947 akaitoa mbele ikawa sehemu ya onyesho. Mtazamaji anaona mtu, anaona kiumbe, anaona mtu.

Soleri akakaa humo zaidi ya nusu karne. Maonyesho zaidi ya 2,000, mwaka 2010 Guinness wakamuandika kwa kukaa kwenye uhusika mmoja muda mrefu kuliko wote, na akastaafu Arlecchino mwaka 2018 akiwa na miaka 88. Pale mwisho wa onyesho, anapoinama kupokea makofi, anavua kinyago, na ukumbi unashtuka sababu saa zote wamekuwa wanamuangalia kijana anayepinduka, na hapo mbele amesimama babu mwenye nywele nyeupe. Kinyago ambacho Moretti aliona kitamnyang'anya uso, kwa Soleri kilimficha umri. Kifaa kile kile.

Kuna watu watasema mbona mchezo huo huo unafanyika bila kinyago na unachekesha. Kweli. Mwaka 2011 Waingereza waliugeuza ukawa wa miaka ya 60 mjini Brighton, One Man, Two Guvnors ya Richard Bean, James Corden uso mtupu, na watu walianguka kwenye viti. Sibishi. Ila ule ni mchezo mwingine, unasimama juu ya mdomo wa muigizaji na mazungumzo yake na watazamaji. Na unamtegemea yule muigizaji kama yeye. Arlecchino wa Milano ameshapita kwa Moretti, kwa Soleri, na kwa Enrico Bonavera aliyekuwa anabadilishana na Soleri miaka mingi, na kila mmoja ni tofauti lakini ukiona kivuli chake ukutani unasema huyo ni yeye.

Kwa mtu anayetaka kuanza vichekesho vya kinyago leo, na naona vikundi vinajaribu kila kona ya dunia, wengi wakipitia njia ya shule ambayo Lecoq aliifungua Paris mwaka 1956 na vinyago vya Sartori mkononi, kosa ninaloliona ni lile lile la 1947. Wananunua au wanabandika kitu fasta cha plastiki kinachong'aa, wanavaa wiki moja kabla ya onyesho, muigizaji akilalamika anaambiwa hajakomaa. Msikilizeni. Muulizeni panauma wapi, haoni upande gani. Kama kesho yake na kitu kizuri usoni bado anagoma, hapo sasa mkae mzungumze habari za woga.

Sartori alifariki 1962, mwaka mmoja tu baada ya Moretti, hakufika hata miaka 50. Mwanae Donato alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akashika nyundo na kalibu akaendeleza mpaka kifo chake 2016, na vinyago vyao viko makumbusho ya Abano Terme, pale pale jirani na Padova. Vimewekwa vizuri, vinatazama mbele kama inavyopaswa. Mi siku nikijaaliwa kufika, kitu nitakachoomba ni kimoja, wanigeuzie kimoja cha Arlecchino nione upande wa ndani, pale ngozi ilipoguswa na kope.